Dawa ya Saa Kumi na Mbili Jioni

Hombolo,
7 Januari 2024

Mwanangu Violeth,

Mbukwa, nakusalimu kwa Kigogo chetu. Barua hii ikukute mzima huko Mbeya, na baridi yenu isikuumize kifua. Sisi hatujambo, ukiacha sikio langu la kushoto ambalo limekufa kabisa, na la kulia nalo linajiandaa kulifuata. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Siku ya Krismasi ulipopiga simu nilisikia "harusi" na nikasikia "shangazi", yote ya katikati yakapotea, mama yako akawa ananitafsiria kwa kupunga mikono. Sitaki tena mambo hayo. Mimi nilimaliza darasa la saba, na mwandiko wangu mkaguzi aliusifu mbele ya shule nzima. Niandikie, na mimi nitakuandikia.

Baba yako anakusalimu. Mbuzi wake watatu wamezaa kwa mkupuo, sasa anatembea hapa kijijini kifua mbele, ungedhani kazaa yeye. Mama yako aliongoza kwaya ya Krismasi mpaka sauti ikamkauka, na wiki nzima nyumba yao ilikuwa na amani. Usimwambie nimesema.

Sasa habari ya bustani. Mvua imekuja, tunamshukuru Mungu, maana mwaka jana ilitukataa na sikuvuna kibuyu hata kimoja. Mbegu za vibuyu vya nyumba yetu, vile vya shingo ndefu, zilibaki kumi na moja tu kwenye chungu. Nimezifukia zote kando ya uzio. Sikuweka akiba, kwa sababu zimeshazeeka, zikikaa mwaka mwingine hazitaota. Kama unaolewa mwaka huu, kibuyu chako kimo humo. Mji unasahaulisha, kwa hiyo nakukumbusha: binti wa nyumba hii hatoki bila kibuyu cha uani kwa shangazi yake, kilichokaukia kwenye mmea wake, hakijatobolewa. Ninakukabidhi mbele ya watu, unakitikisa, mbegu zinalia, wote wanasikia. Ukifika kwako unakikata shingo mwenyewe na mbegu unazipanda. Mimi shangazi yangu alinipa hivyo hivyo.

Maboga yameshatambaa. Nyuki wangu wa mzinga wa kwenye mti wa mgunga wapo, wana fujo zao za kila siku. Kinachoniudhi ni matembele. Kuna viwavi wanene, wa kijani, wana pembe mkiani, mmoja anamaliza jani zima huku namtazama. Sikuombi dawa. Nakusimulia tu.

Niambie tarehe ya harusi. Na huyo Anyitike wako anakula mlenda, au ndiyo wale wa ndizi tu?

Shangazi yako,
Raheli


Mbeya,
21 Januari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea stendi kutoka kwa kondakta, nimeisoma palepale nimesimama, nikacheka mpaka mwuza karanga akaniuliza kama niko sawa. Mimi sijambo. Kazi ni nyingi, meneja anataka mauzo, mauzo, mauzo, lakini tunasukuma.

Tarehe ni hii: sherehe ya kuniaga itakuwa hapo nyumbani Hombolo, Jumamosi tarehe 29 Juni. Wakwe watakuja na basi zima. Harusi yenyewe ni Mbeya wiki inayofuata. Anyitike anakula mlenda. Mara ya kwanza mlenda ulimtoroka kwenye kijiko mara tatu, sasa anaomba mwenyewe. Na kibuyu sijakisahau, shangazi. Nimemsimulia mama mkwe, naye ameshawatangazia ndugu zake wote kwamba bibi harusi wa Kigogo anakuja na kibuyu kinacholia.

Hujaomba dawa, lakini mimi ni bibi shamba, siwezi kusikia viwavi nikanyamaza. Chupa iliyomo kwenye mfuko huu ni dawa mpya ya kampuni yetu. Najua utaniuliza kuhusu nyuki. Hayo nimeyasomea. Nyuki wanarudi mzingani jua likizama, kwa hiyo wewe pulizia saa kumi na mbili jioni, siyo mapema. Kesho yake wanakuta dawa imeshakauka. Kifuniko kimoja kwenye ndoo ya maji. Pulizia bustani nzima kila baada ya siku saba, siyo matembele peke yake, maana hao wanahama. Jifunge kitambaa puani, ukimaliza oga.

Mwenzangu Thobias atapita Hombolo mwezi wa pili kwa kazi za kampuni. Nimemwomba aje akusalimie na akupige picha mbili tatu bustanini, nami nione matembele yako.

Mwanao,
Violeth


Hombolo,
3 Machi 2024

Mwanangu Violeth,

Natumaini hujambo na baridi haijakushinda. Huku ni kijani kitupu. Baba yako ameumwa mgongo siku mbili, akapona ghafla aliposikia kuna msiba wenye nyama kijiji cha pili. Mama yako anashona sare ya sherehe na kila mtu anayepita njiani anapimwa kiuno.

Dawa yako, mwanangu, ni kiboko! Nimepuliza kila Jumanne saa kumi na mbili jioni, kwa bomba la baba yako, bustani nzima kama ulivyoagiza. Viwavi walidondoka chini siku ya kwanza, na sasa huoni hata tundu kwenye jani. Na nyuki sikuokota hata mmoja aliyekufa. Kila asubuhi wamejaa kwenye maua ya maboga mpaka ua linatikisika. Maboga nimehesabu ishirini na mbili yameshika. Nimewaambia wanawake wa jumuiya kwamba mtoto wa kaka yangu kasoma, na hajasoma bure.

Thobias alikuja. Kijana mwenye adabu, ila kamera yake haina adabu. Alinitaka nishike fungu la matembele na nicheke. Nikamwambia mimi huwa sichekei matembele. Alipiga hivyo hivyo.

Vibuyu vyote kumi na moja vimepanda uzio, na jioni hii ua la kwanza limefunguka, jeupe pe. Andaa mikono ya kutikisia.

Shangazi yako,
Raheli


Hombolo,
31 Machi 2024

Mwanangu Violeth,

Heri ya Pasaka. Hujanijibu barua ya mwanzoni mwa mwezi huu, na nimemuuliza kondakta mara mbili mpaka ananikwepa. Kama ni kazi, sawa. Kama unaumwa, sema.

Hapa wote wazima. Kanisani watu walijaa mpaka nje. Nimekula pilau ya mama yako na sikulalamika, uone nilivyobadilika.

Sasa nisikilize. Vibuyu vinanitia wasiwasi. Maua yapo mengi ajabu. Kila ua jike linakuja na kibuyu chake kidogo shingoni, ukubwa wa ncha ya kidole, na ua likinyauka kile kidogo kinageuka njano, kisha cheusi, kinadondoka. Wiki tatu sasa. Hakijashika hata kimoja, na hapohapo kando yake maboga yanazidi kunenepa. Wewe ndiye bibi shamba. Huu ni ugonjwa gani?

Nijibu upesi. Mvua haitakaa sana, na nimeshakwambia mbegu zote ziko ardhini.

Shangazi yako,
Raheli


Mbeya,
14 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Siumwi. Kuna mambo mazuri kazini, huenda nikawa msimamizi wa mauzo wa kanda nzima, na kwa ajili hiyo nimekuwa nikizunguka sana, Makambako, Njombe, leo hapa kesho kule. Anyitike anakusalimu. Ukumbi tumepata.

Kuhusu vibuyu, usihangaike. Mara nyingi matunda machanga yakidondoka ni upungufu wa rutuba, au maji yamezidi. Weka samadi iliyooza vizuri, na dawa endelea nayo vilevile ili wadudu wengine wasiongeze tatizo. Vitashika tu.

Na hata visiposhika, shangazi, dunia haiishi. Hapa sokoni wanauza vibuyu vizuri sana vilivyonakshiwa, ninaweza kuja nacho kimoja tukaweka mbegu zozote ndani. Wageni wanataka kusikia mlio, hawatauliza kibuyu kimetoka uzio gani.

Mwanao,
Violeth


Hombolo,
28 Aprili 2024

Violeth,

Baba yako hajambo, mama yako hajambo, mbuzi hawajambo, mimi sijambo. Salamu zimeisha.

Kibuyu cha sokoni mpeleke anayekitaka. Usinirudie tena na neno hilo.

Samadi yako nimekaa nayo siku tatu, haikuniingia akilini. Udongo ni ule ule, maji ni yale yale, mikono ni hii hii. Mbona boga lishike na kibuyu kikatae? Nikachukua kigoda nikakaa uzioni kila jua linapozama, siku nne. Ua la boga hufunguka alfajiri, nyuki wanaingia, kazi inakwisha. Ua la kibuyu linafunguka giza linapoanza, na kesho yake kukicha limeshanyauka. Wakati wake nyuki wamelala. Wageni wake ni wale vipepeo wakubwa wa jioni, wa kijivu, wanaosimama hewani mbele ya ua wakinyonya kwa mdomo mrefu bila kutua. Ndio wanaobeba unga wa ua dume kuupeleka kwa jike. Miaka yote wapo, ukipita uzioni saa hizo wanakupiga usoni. Siku nne, Violeth, na sikumwona hata mmoja.

Nikamwita baba yako na jembe. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukifukua kwenye matembele madude magumu ya kahawia yenye mkono kama wa jagi. Moja tuliliweka kwenye kopo, na baada ya majuma akatoka kipepeo wa jioni, mama yetu akapiga kelele. Kiwavi mwenye pembe na dude la ardhini na kipepeo wa jioni ni yule yule mmoja! Tumefukua tuta zima leo. Hatukupata kitu. Nimewaua mimi, kwa mkono wangu, kila Jumanne. Viwavi nimewaua kwenye majani, na vipepeo nimewapulizia wakiwa mlangoni mwa ua, saa ile ile ya kula kwao, saa ile uliyonichagulia wewe. Sikukosea hata dakika.

Bado. Jana nilikwenda dukani kwa Adamu kununua chumvi. Ukutani kuna bango, na kwenye bango kuna mimi! Nimeshika matembele, na chini wameandika: "Bibi Raheli wa Hombolo anasema: tangu nianze dawa hii, bustani yangu haijui hasara." Lini? Nilimwambia nani? Nikalibandua. Adamu akaruka, "Mama, hiyo ni mali ya kampuni." Nikamwambia, "Sura ni ya nani?" Akasema, "Sura ni yako, lakini bango ni la kampuni." Nikamwambia basi niletee kisu nikate sura yangu, karatasi iliyobaki wape kampuni. Akasema atamwita mtendaji wa kijiji. Nikakaa kwenye gunia la mchele nikamsubiri huyo mtendaji mpaka saa saba. Hakuja. Nimerudi na bango langu, na chumvi.

Dawa nimeacha. Nimewaambia wanawake wote wa jumuiya niliowasifia: nilidanganyika, msinunue. Yamebaki maua machache ya mwisho. Jioni nachuma ua dume, nalipaka ndani ya ua jike kwa mkono, huku magoti yakinilaani. Tutaona.

Nina swali moja. Chupa uliyonitumia haikuwa na karatasi yoyote ya maelezo. Huko ilikotoka, haikuwa nayo?

Raheli


Mbeya,
9 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Nimepigiwa simu na meneja. Amepata habari kwamba huko Hombolo kuna mama anazuia watu kununua dawa, na mama mwenyewe ndiye aliye kwenye bango letu. Unajua nilisimama wapi nikisikia hayo? Mbele ya wenzangu kumi na wawili. Nimehangaika miaka sita kwenye kazi hii, nimelala nyumba za wageni zenye kunguni, nimepanda bodaboda kwenye mvua, na siku nilipokaribia kupata cheo, anayenivuta chini ni shangazi yangu mwenyewe.

Bango ni matangazo tu, shangazi. Kila mtu anajua matangazo yalivyo. Ulisema mwenyewe dawa ni kiboko, barua ninayo. Na vipepeo ni vipepeo. Hakuna nyumba iliyolala njaa kwa kukosa kipepeo. Nyuki wako wazima, maboga unagawa, matembele yanang'aa. Nilikuagiza kitaalamu na saa niliyokupa ni sahihi, inafundishwa chuoni.

Naomba uache kuongea na watu kuhusu dawa. Naomba hivyo kwa heshima.

Violeth


Hombolo,
2 Juni 2024

Violeth,

Marahaba.

Hujauliza habari za wazazi wako, lakini nitakupa. Baba yako ameuza mbuzi dume mmoja kwa ajili ya sherehe yako, na mama yako amemaliza sare, ni ya zambarau, Mungu atusaidie.

Ombi lako la kunyamaza nimelisikia. Sinyamazi. Nikiulizwa nitasema, na nisipoulizwa nitasema. Nilimsifia mtoto wangu kwa watu wale wale, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Nilikuuliza swali moja kuhusu karatasi, ukanijibu habari za meneja na kunguni. Nimeshakulea, Violeth. Ulipokuwa mdogo ukivunja kitu ulikuwa ukinisimulia habari za mbuzi.

Sasa jambo lenyewe. Maua matatu niliyapaka kwa mkono. Mawili yamedondoka. Moja limeshika. Kibuyu kimoja, kijani, shingo imenyooka vizuri, nakimwagilia kwa ndoo asubuhi na jioni kwa kuwa mvua imekwisha. Uzio mzima umekauka isipokuwa mmea huo. Hicho ndicho kilichobaki cha mbegu za shangazi yangu na za shangazi yake. Ila hakitakauka kabla ya mwezi wa tisa. Nikikichuma sasa, mbegu za ndani ni maji matupu, hazioti, na habari ya vibuyu vyetu imeishia hapo.

Tumekaa kikao. Mama yako, wifi yangu, analia kwa aibu ya basi zima la wakwe. Amependekeza tukichume, tukikaushe juu ya moto, tutoboe tundu dogo, tutie punje za mtama, tuzibe kwa nta ya nyuki wangu. Kitalia, anasema, na hakuna atakayejua. Nami sitasema uongo, kwa saa moja nilikubali. Nilikwenda uzioni na kisu. Nilisimama pale, nikarudi nacho bila kukata.

Wewe ndiye unayeolewa, na dawa ni yako. Kwa hiyo uamuzi nakupa wewe. Nichume au nisichume? Usiniandikie mengine. Neno moja.

Raheli


Mbeya,
11 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Usichume.

Hilo ndilo neno. Lakini yaliyobaki lazima niyaseme, hata kama umekataa kuyasoma.

Karatasi ilikuwepo. Chupa yako niliijaza kutoka kwenye dumu la ofisini, na kwenye dumu wameandika kwa herufi kubwa nyekundu: usipulizie mimea ikiwa na maua. Nilisoma. Nikajiambia nyuki watakuwa wamelala, basi, hakuna tatizo, kwa sababu chuoni kila tulipotajiwa mdudu wa maua ilikuwa nyuki, nyuki, nyuki. Vipepeo wa jioni tulifundishwa ukurasa mmoja na mtihani haukuwauliza. Lakini hata hilo silitumii kujitetea. Ningeweza kukwambia pulizia matembele tu. Nilikwambia bustani nzima kwa sababu nilikuwa nimeshamwahidi meneja picha ya bustani isiyo na tundu hata moja. Thobias hakuja kukusalimia, alitumwa. Na yale maneno ya kwenye bango niliyatunga mimi, mezani kwangu, nikinywa chai. Uliponiandikia mwanzoni mwa mwezi wa tatu, barua niliipata. Nilishindwa kuijibu kwa sababu bango lilikuwa limeshakwenda kuchapwa.

Nimemwambia meneja ayaondoe mabango yote. Amekataa. Nimemwandikia barua rasmi kwamba maneno yale hayakusemwa na yeyote, nimetia sahihi na nakala nimebaki nayo. Cheo wamempa mwingine. Basi nimepita mwenyewe maduka ya hapa mjini, nimebandua manne, na kwenye duka la tano wamenifukuza, nitarudi. Anayetaka kunifukuza kazi na anifukuze, lakini sura ya shangazi yangu haitakaa ukutani ikisema uongo wangu.

Anyitike nimemweleza yote. Akauliza, "Mama utamwambia nini?" Nimeshamwambia mama yake. Hakufurahi, shangazi. Ameniuliza nitaingiaje kwake mikono mitupu, ndugu zake wameahidiwa kibuyu. Nimemjibu kwamba kibuyu hakipo, na aliyefanya kisiwepo ni mimi, na sitaingia kwake na punje za mtama. Nililia, lakini nilisema.

Mama asiguse mtama wala nta. Viwavi wakirudi waache wale matembele yote.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuja tarehe 27, nitakuomba uso kwa uso, na nitakuongelesha kwenye sikio la kulia.

Mwanao, kama bado naitwa hivyo,
Violeth


Hombolo,
17 Juni 2024

Mwanangu Violeth,

Wazima wote. Barua yako nimemsomea baba yako, akatoka nje akaenda kuwatazama mbuzi, na hakuwa na kitu cha kutazama.

Sijakusamehe. Usije ukadhani kusema kweli ni kitu cha kunifanya niruke ruke. Nina hasira nawe, na nina hasira na mimi mwenyewe niliyeshika bomba, na nitakaa nayo mpaka iishe yenyewe. Jioni za hapa bado ni tupu, hakuna anayepita uzioni. Nimepanda matuta mawili mapya ya matembele karibu na bomba la maji, ya viwavi peke yao, wakija. Mama yako anasema nimechanganyikiwa. Kibuyu kipo. Nimekiwekea majani makavu chini kisiguse udongo, na baba yako amezungushia miiba kwa ajili ya mbuzi wake, bila mimi kumwambia.

Sasa sikia tutakavyofanya, maana kujificha sijui. Tarehe 29 ikifika zamu ya shangazi, nitasimama. Nitakuja mbele yako nimevaa hiyo zambarau ya mama yako, nitanyoosha mikono miwili, mitupu, nawe utanyoosha yako uipokee hivyo hivyo, na tutaishika hapo mbele ya basi zima mpaka wachoke kutazama. Mama mkwe akiuliza, utajibu wewe. Akicheka mtu, nitamjibu mimi. Na anayetaka kusikia mbegu zikilia, aje Hombolo mwezi wa tisa, asimame uzioni kwangu.

Shangazi yako,
Raheli